Sultani Ahmad: Mfalme wa Malindi Aliyehamia Mombasa

Hapana miji miwili katika pwani yetu iliyopata kuchukiana kama Malindi na Mombasa za zamani. Uadui wao ulikuwapo kabla ya Wareno kufika, na Wareno walipofika waliukuta umeiva, wakautumia. Ndiyo maana kisa cha Sultani Ahmad wa Malindi kimenishughulisha kwa muda mrefu. Huyu ni mfalme aliyerithi uadui huo pamoja na kiti cha wazee wake, lakini kiasi cha mwaka 1593 akakusanya jamaa zake na wakubwa wa baraza lake, akauacha mji wa wazee wake, akaenda kukaa Mombasa. Huko alitawala mpaka karibu na mwaka 1609, na huko ndiko ukoo wake ulikopatwa na masaibu nitakayoyaeleza.

Wengi wetu tunamjua mjukuu wake kuliko yeye. Yusuf bin Hasan, yule aliyewaua Wareno ndani ya ngome ya Mombasa mwaka 1631, jina lake husomeshwa mashuleni na kutajwa barazani. Babu yake hupata mstari mmoja tu, tena mara nyingine bila hata jina, akaitwa mfalme wa Malindi, basi. Mimi naona haki haikutendeka. Mengi yaliyomfika Yusuf yalianzia katika shauri moja alilokata babu yake: kuhama au kutohama, na akihama, ahame vipi.

Kwanza tuutazame mji aliouacha. Malindi haukuwa mji mnyonge. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika katika baraza la mfalme wa Uchina na zawadi ya twiga, na Wachina wakamstaajabia mnyama yule wakamdhani ni yule wa baraka atajwaye katika hadithi zao. Mji ulikuwa na mashamba mazuri nyuma yake, na nyumba za mawe mbele yake. Ukienda leo karibu na msikiti wa Juma utayaona makaburi ya nguzo, na moja katika hayo limesimama tangu karne ya 15. Watu wasiojiweza hawajengi makaburi kama yale.

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, alikuwa ametoka Mombasa kwa shari. Malindi alipokewa vizuri, akapewa vyakula na rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Wako wanaomlaumu mfalme wa wakati ule kwa ukarimu huo. Mimi simlaumu sana. Kwa watu wa Malindi, mgeni aliyegombana na Mombasa alikuwa mgeni wa kukirimiwa, na hakuna aliyejua wakati ule kwamba nyuma ya merikebu zile tatu kuna nyingine zitakazokuja na mizinga.

Zilikuja. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Mombasa na kuitia moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akafanya vile vile, safari hii akiwa na watu wa Malindi katika jeshi lake. Malindi haikuguswa. Mkubwa wa Wareno katika pwani hii yetu alikaa Malindi, na cheo chake kiliitwa ukapteni wa Pwani ya Malindi. Kwa kutazama juu juu mtu angesema kuwa wazee wa Malindi walipiga hesabu sawasawa.

Lakini urafiki ule haukuwashibisha. Wareno walitaka biashara ya bahari iwe mikononi mwao wenyewe, na chombo kisichokuwa na cheti chao kiliweza kukamatwa njiani na kunyang'anywa shehena. Mji ulioishi kwa majahazi ya Gujarati na Arabuni ukaanza kupungukiwa. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alipita Malindi akielekea Bara Hindi, akaandika kwamba mji ule ulikuwa na misikiti 17, lakini 3 tu ndiyo iliyokuwa ikiswaliwa, na kwamba wazee wa mji walisikitika kwa jambo hilo. Yeye alikuwa na sababu zake za kuliandika, padri ni padri. Hata hivyo, mimi nalisoma kama mwenyeji wa pwani hii. Msikiti haufungwi kwa kuwa watu wamechoka kuswali. Hufungwa kwa kuwa mtaa umekwisha watu. Basi nusu karne kabla ya Ahmad kuhama, watu wake walikuwa wameanza kumtangulia.

Na iko bandari yenyewe. Malindi ni mahali pa wazi. Chombo kikubwa hutia nanga mbali, na mvua zikinyesha bara Mto Sabaki huleta udongo mwekundu hata bahari ikageuka rangi. Kila mkaaji wa Malindi ameliona hilo. Mombasa ni kisiwa chenye mikono miwili ya maji yenye kina, chombo kikiingia kinalala salama kusi na kaskazi. Wareno walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Walikaa Malindi kwa kuwa ndiko walikopendwa, lakini macho yao yalikuwa Mombasa.

Yaliyolileta shauri la kuhama yalianza mwaka 1585. Mwaka huo alitokea baharini Amir Ali Bey, baharia wa Kituruki, akapita miji ya kaskazini mmoja baada ya mmoja, nayo ikamfungulia milango kwa furaha kwa kuwa alikuwa Mwislamu aliyekuja kuwafukuza Wareno. Alipotoka alirudi tena, na mwanzo wa mwaka 1589 akajenga kituo chake Mombasa. Kutoka Malindi kapteni wa Wareno, Mateus Mendes de Vasconcelos, alipeleka habari Goa, na mwezi wa Machi mwaka huo huo ikafika jeshi kubwa la merikebu.

Mombasa ilikuwa na balaa la pili upande wa bara. Watu ambao maandishi ya Wareno yanawaita Wazimba walikuwa wametoka pande za Zambezi, wameipiga Kilwa, na sasa wamekaa mkabala na kisiwa wakingoja nafasi ya kuvuka. Wareno wakapiga kutoka baharini, Wazimba wakaingia kutoka bara, na watu wa Mombasa wakawa katikati. Ali Bey alikamatwa akapelekwa Ureno. Mji ukabaki majivu tena.

Nadhani huko Malindi wako waliofurahi. Furaha yenyewe haikukaa. Wazimba walipomaliza Mombasa walifuata pwani kuja kaskazini, na Malindi palikuwa na Wareno kiasi cha 30 tu. Mji ungekwisha siku ile. Waliouokoa ni Wasegeju, wapatao 3,000, waliotokea bara wakawapiga Wazimba hata wakawamaliza. Wasegeju ndio waliokuwa ngao ya kweli ya Malindi, na jambo hili nataka msomaji aliweke moyoni, kwa kuwa nitalirudia.

Baada ya hapo ikaja vita vya Kilifi. Kilifi ya wakati ule ilikuwa na mfalme wake, naye alikuwa jamaa ya mfalme wa Mombasa. Magofu ya Mnarani, juu ya mdomo wa hori, ni sehemu ya mji huo. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, abiria tuliokuwa tukingoja feri tulikuwa tukiyatazama pale juu, wala wachache sana miongoni mwetu walijua kwamba mji ule ulipigana na Malindi. Watu wa Kilifi walikuwa wakiingilia nchi ya Malindi na kuiharibu. Wasegeju wakawaendea, wakauvunja mji na kumwua mfalme. Mfalme wa Mombasa, Shaho bin Mishham, wa mwisho katika ukoo wa Kishirazi, akakusanya jeshi kulipiza kisasi, akauawa yeye na wanawe vitani. Wasegeju wakaendelea mbio mpaka Mombasa, wakaushika mji ambao haukuwa na mtu wa kuulinda, wakamwita rafiki yao mfalme wa Malindi aje autwae.

Hebu tumtazame Ahmad katika siku zile. Adui wa babu zake amekufa bila mrithi wa kusimama. Mji ambao Malindi iliuonea wivu kwa vizazi vingi umeletwa mlangoni kwake, wala si kwa jasho lake. Rafiki zake Wareno wamekwisha kuamua: kituo chao kinahamia Mombasa, yeye apende asipende. Tarehe 11 Aprili mwaka 1593 Mateus Mendes de Vasconcelos, yule yule kapteni wa Malindi, aliweka jiwe la msingi la ngome mpya pale mlangoni mwa bandari ya Mombasa, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati. Ni Fort Jesus hiyo tuijuayo sote. Forodha nayo ilikwenda huko, na vyombo vikaamriwa kulipa ushuru huko.

Naona alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kukaa Malindi na kukataa zawadi. Angebaki na mashamba yake, makaburi ya wazee wake na Wasegeju wake, lakini bila forodha, bila kapteni, na bandari inayozidi kukimbiwa. Ya pili ni kumpeleka Mombasa ndugu au mwana awe naibu wake, yeye mwenyewe akabaki nyumbani, akawa na mguu huku na mguu huku. Ya tatu ni kuhama yeye mwenyewe na baraza lake lote. Akaichagua hiyo ya tatu.

Sababu zake si ngumu kuzifahamu. Mtu akiitwa mfalme wa Malindi na Mombasa, na mapato yapo Mombasa, atawezaje kuyasimamia akiwa siku moja au mbili kwa jahazi, tena pepo zikikubali? Naibu wa siku nyingi hugeuka mfalme. Hilo ndilo jambo la kwanza wafalme hufundishana. Na hofu ya Wazimba ilikuwa bado mbichi. Kisiwa kina maji pande zote, na Malindi upande wa bara hauna hata mto wa kumzuia adui. Mimi nikijiweka mahali pake, sioni kama ningelala usingizi mzuri Malindi mwaka ule.

Basi kuhama simlaumu. Ninalomlaumu ni namna alivyohama, na ushahidi wangu nautoa katika ukoo wake mwenyewe.

Nyuma kidogo nimemtaja Nuno da Cunha, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1528. Huyo naye alitaka kumkalisha katika kiti cha Mombasa mtu wa nyumba ya kifalme ya Malindi. Yaani zawadi aliyoletewa Ahmad, wazee wake walikwisha kuletewa miaka zaidi ya 60 kabla yake. Wale wazee hawakuipokea kwa furaha wakapanda chombo. Walitaka kwanza waachiwe askari wa kutosha wa kukaa nao mjini, kwa kuwa walijua wanakwenda kutawala watu waliochomewa nyumba kwa msaada wao. Da Cunha, ambaye watu wake walikuwa wakifa kwa maradhi kila siku, hakuwa na askari wa kuwaachia. Wazee wakakataa, wakarudi kwao. Mombasa ikachomwa moto, Wareno wakaenda zao, na Malindi ikabaki na mfalme wake.

Mtu ataniambia kuwa mwaka 1593 sharti lile la wazee lilikuwa limetimia: askari wapo, na ngome ipo. Hapo ndipo nionapo ugumu wa jambo hili. Wazee wa 1528 waliomba askari wa kuwalinda wao. Ngome ya 1593 haikujengwa kumlinda Ahmad. Kapteni wake aliwekwa na Goa na hakujibu kwa mfalme wa Malindi, na mizinga iliyotazama bahari iliweza kugeuzwa ikatazama mji. Kule Malindi Wareno walikuwa wageni wa mfalme, watu 30 wanaoishi kwa hisani yake. Mombasa mambo yaligeuka. Mwenye nyumba alikuwa kapteni, na mfalme akawa mpangaji, ijapokuwa ni mpangaji aliyepigiwa siwa.

Mapatano yao yalikuwa kwamba mfalme apate thuluthi ya ushuru wa forodha ya Mombasa. Kwa karatasi ni mali nyingi, kwani Mombasa ilipitiwa na pembe, kaharabu na nguo kuliko bandari yoyote kaskazini ya Kilwa. Lakini aliyeshika daftari la forodha ni nani? Si mfalme. Thuluthi ya hesabu inayopigwa na mwingine hutegemea moyo wa yule apigaye, na makapteni wa Wareno walikuja kwa muda wa miaka michache, kila mmoja na haraka ya kutajirika kabla hajaitwa kurudi. Malalamiko ya Ahmad yalifika mpaka Ulaya. Mfalme Philip, aliyetawala Uhispania, na Ureno pia tangu 1580, aliagiza kwamba rafiki yake wa zamani atendewe vyema. Amri za namna hiyo zilichukua karibu mwaka mzima njiani, na zikifika, anayezisoma ni yule yule aliyelalamikiwa.

Jambo jingine ni watu wa Mombasa wenyewe. Sisi Waislamu tuna kipimo chetu cha kuhama, nacho ni Hijra. Mtume wetu (s.a.w.) hakuondoka Makka mwaka 622 ila baada ya watu wa Madina kumjia pale Aqaba, mwaka baada ya mwaka, wakampa ahadi yao. Masahaba wakatangulia kidogo kidogo, na walipofika kila Muhajiri alipata ndugu miongoni mwa Ansari wa kumshika mkono. Simlinganishi mfalme yeyote na Mtume, hasha. Ninachosema ni kwamba njia ya kuhama ilikuwa imekwisha kuonyeshwa, na kila kadhi wa Malindi aliijua. Ahmad hakuwa na Ansari Mombasa. Waliomwita ni Wasegeju walioushika mji kwa vita, na Wareno waliouchoma. Wenyeji walikuwa wamezika watu wao juzi, wakaona anaingia mfalme wa mji ule uliosaidia kuwaangamiza.

Na wale Wasegeju, je? Hapa ndipo niliposema nitarudia. Nguvu ya Malindi iliyobaki haikuwa Wareno, ilikuwa Wasegeju, na Wasegeju walikuwa watu wa bara ya Malindi, rafiki wa jirani anayeweza kuitwa usiku akafika asubuhi. Mfalme alipovuka kwenda kisiwani aliwaacha nyuma. Katika yote aliyoyaacha, hilo kwangu ndilo kubwa kuliko majumba na mashamba. Mtu anapohama huhesabu vyombo na masanduku, lakini majirani hawahesabiki, mpaka siku atakapopiga ukelele akaona hapana aitikaye.

Hata hivyo tumpe haki yake. Ahmad alidumu Mombasa kiasi cha miaka 16, na muda huo wote palikuwa na utulivu wa namna yake. Mwaka 1597 mapadri wa Augustino walijenga nyumba yao kisiwani, wakaanza kazi ya kuwaingiza watu katika dini yao. Mfalme alibaki katika Uislamu wake, na misikiti haikufungwa. Kuishi namna ile, baina ya ngome iliyotaka ushuru, mapadri waliotaka roho, na raia waliomtazama kwa jicho la pembeni, kulitaka akili na uvumilivu. Mtu dhaifu asingemaliza mwaka. Ndiyo maana nasema hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwerevu aliyeingia mahali ambapo werevu wa mtu mmoja ulitosha kwa umri wake tu.

Alipokufa kiti kilimwangukia mwanawe Hasan, na yale yaliyokuwa yamefunikwa yakafunuka. Hasan hakuwa na subira ya baba yake, na wala makapteni hawakuwa na haya na mwana kama walivyokuwa na mzee. Akagombana na kapteni Manuel de Melo Pereira, na kwa bahati mbaya alikuwa na ami yake aliyekuwa akimchongea kwa Wareno. Mwaka 1614 alipoona atakamatwa, alikimbia kisiwani akaingia bara, pande za Rabai. Baba yake angekuwa bado Malindi, bara ilikuwa na Wasegeju. Bara ya Mombasa haikuwa na mtu wake. Wale aliowakimbilia walihongwa nguo na Wareno, wakamwua, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Mtoto wake Yusuf alikuwa na miaka kama saba. Akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa mwaka 1626 awe mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Yaliyofuata ni maarufu, sitayarefusha. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika dini ya babu zake, na Wareno wa mji wakamalizwa. Mwaka uliofuata Goa ilituma jeshi, likaizingira ngome miezi miwili, likashindwa likaondoka. Juu ya ushindi huo Yusuf hakukaa. Alijua watarudi, basi mwezi wa Mei mwaka 1632 akavunja alichoweza kuvunja, akapanda chombo, akawa mtu wa baharini mpaka alipouawa Bahari ya Sham miaka michache baadaye.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Yusuf hakurudi Malindi. Alikuwa na chombo, alikuwa na mizinga, na jina la Malindi lilikuwa bado katika cheo chake. Jibu nalipata nikitazama hali ya mji wenyewe wakati ule. Forodha iliondoka na babu yake, wakubwa waliondoka naye, na mfanya biashara humfuata mwenye mali. Gedi, mji wa mawe ulio kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, ulihamwa katika nusu ya kwanza ya karne ile ya 17, na Wagalla walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Mji usiokuwa na mfalme wa kufanya mapatano na majirani wa bara hauwezi kuwazuia. Malindi ikazidi kupungua hata ikawa magofu na vichaka, na mabaharia walipita wakaonyeshana tu mahali ulipokuwa.

Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 150. Mji tuuonao leo ulianza upya katikati ya karne ya 19, na katika miaka ya 1860 Seyyid Majid wa Unguja alipeleka watu na askari kuukalia. Mashamba ya mtama na ufuta yakafunguliwa tena, na tusifiche kwamba yalilimwa kwa jasho la watumwa. Waliokuja walikuwa Waarabu wa Unguja na Mombasa, Washihiri, Wabajuni, na wengineo wengi. Wazao wa baraza la Ahmad hawakuwa miongoni mwao kwa jina hilo.

Huko Mombasa nako nimewatafuta. Miji mingi ya pwani ya Kilifi ilivunjika katika karne ile, na watu wake wakaingia kisiwani wakiwa wakimbizi, bila ngoma wala siwa. Waliwaomba wenyeji mahali pa kujenga, wakaoleana nao, wakapewa sehemu yao katika baraza la mji. Ukimwomba mzee wa Mombasa akuhesabie Tisa Taifa, atakutajia Wamvita na Wajomvu, atakutajia Wakilifi na Wamtwapa, ambao miji yao ilikufa zamani. Ataendelea na Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Katika hesabu hiyo, kama nilivyoisikia mimi na kama ilivyoandikwa, Wamalindi hawamo.